Moto wa Transfoma na Namna ya Kuupunguza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Watu wengi huitazama transfoma siku mbili tu: siku inapofungwa na siku inapoungua. Kati ya siku hizo hupita miaka thelathini au arobaini, na moto wa siku ya mwisho mara nyingi huwa umejijenga humo katikati, polepole, ndani ya mafuta na karatasi. Maswali yaliyo hapa huulizwa na mafundi wanaoanza kazi, wasimamizi wa majengo na viwanda, na watu wanaoishi jirani na transfoma.

Ndani ya transfoma kuna nini cha kuungua?

Mafuta kwanza. Transfoma nyingi zinazofungwa nje zina kiini cha chuma na misokoto ya waya wa shaba au alumini, vyote vimezamishwa ndani ya tangi la mafuta ya madini. Mafuta hayo yana kazi mbili. Huchukua joto kutoka kwenye waya na kulipeleka kwenye mapezi ya kupoozea, na huzuia umeme usiruke kutoka sehemu moja hadi nyingine. Transfoma ndogo ya kwenye nguzo hubeba makumi ya lita, pengine mia kadhaa. Ile ya kituo kikubwa cha kupozea umeme hubeba makumi ya maelfu.

Mafuta haya si petroli. Yakiwa baridi hayashiki moto kirahisi. Mvuke wake huanza kudaka cheche yanapofika nyuzi joto 140 hivi za Selsiasi, na yakikaribia 170 huweza kuendelea kuwaka yenyewe. Ndiyo maana transfoma hufanya kazi mwaka mzima mafuta yakiwa na nyuzi 70 au 80 bila neno. Tatizo ni kwamba hitilafu ya umeme haipashi mafuta joto taratibu kama sufuria jikoni. Hutupa joto la maelfu ya nyuzi mahali padogo kwa mara moja.

Mbali na mafuta kuna karatasi ya kuhami iliyoviringishwa kwenye waya, pamoja na mbao ngumu za kushikilia misokoto. Hivi huungua pia, lakini umuhimu wake mkubwa uko kwingine: karatasi ikichakaa, ndiyo inayofungua mlango wa hitilafu.

Tangi limefungwa na halina hewa. Moto unatoka wapi?

Ndani ya tangi lililojaa mafuta moto hauwaki, kwa kuwa oksijeni haitoshi. Kinachotokea ni hiki. Kihami, yaani kitu kinachozuia umeme usipite, kikishindwa, umeme huruka kati ya sehemu mbili na kufanya tao, yaani cheche nene isiyokatika. Joto la tao huyavunjavunja mafuta yaliyo karibu yakawa gesi: hidrojeni, methani, ethilini, asetilini. Gesi inataka nafasi kubwa mno kuliko mafuta iliyotokana nayo, na mafuta yaliyoizunguka hayabonyei. Shinikizo hupanda kabla hujapepesa jicho.

Sakiti breka nzuri hukata umeme ndani ya moja ya kumi ya sekunde au chini ya hapo. Wakati mwingine huo muda unatosha kuliokoa tangi. Wakati mwingine nguvu ya shoti ni kubwa kiasi kwamba tangi limeshachanika kwenye maungio. Mafuta ya moto hutoka kama ukungu, yakichanganyika na hewa na zile gesi, na tao lenyewe ndilo linalowasha. Huo ndio mlipuko unaosikika mtaa wa pili.

Ipo pia njia ya kimyakimya. Gasketi, yaani kizibo laini cha kwenye maungio, ikizeeka huvujisha mafuta miezi na miezi bila mtu kujali, usawa wa mafuta unashuka, sehemu ya juu ya misokoto inabaki wazi, nayo haipoi wala haina kihami. Siku yenye mzigo mkubwa inamaliza kazi.

Moto huu hutokea mara ngapi?

Kwa kila transfoma moja, si mara nyingi. Mwongozo wa CIGRE, shirika la kimataifa la wataalamu wa mifumo mikubwa ya umeme, uliotolewa mwaka 2013, unakadiria kwa transfoma kubwa uwezekano wa moto wa karibu 0.1% kwa mwaka, yaani moja katika elfu. Ukiizidisha kwa miaka 40 ya kazi unapata karibu 4%. Mwenye transfoma ishirini na tano kubwa, kwa hesabu hiyo, ajiandae kwa moto mmoja ndani ya maisha yao. Naipenda hesabu hii kwa sababu inamwondoa mtu kwenye maneno ya "kwetu haijawahi kutokea".

Hitilafu huanzia sehemu gani?

Katika transfoma kubwa, sehemu tatu hutajwa kuliko nyingine: bushingi, swichi ya kubadili ngazi za volti, na masanduku ya kuungia nyaya. Misokoto yenyewe hushindwa pia, lakini kwa kuwa iko ndani kabisa ya mafuta, moto haufuati kila mara.

Bushingi ni zile pembe za kauri au za plastiki maalumu zinazosimama juu ya tangi na kupitisha umeme wa msongo mkubwa. Ndani ya nyingi za zamani kuna karatasi iliyoloweshwa mafuta. Unyevu ukipenya humo, bushingi hupasuka, vipande vya kauri huruka kama risasi, na mafuta humwagika juu ya tangi yakiwa tayari yanawaka.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa London. Usiku wa tarehe 20 Machi 2025 transfoma iliungua katika kituo cha North Hyde, magharibi mwa jiji hilo. Takriban lita 25,000 za mafuta zilishika moto. Uwanja wa ndege wa Heathrow ukafungwa karibu siku nzima iliyofuata, na safari zaidi ya elfu moja zikavurugika. Uchunguzi uliotolewa Julai mwaka huohuo ulisema chanzo kilichoelekea zaidi ni unyevu ulioingia kwenye bushingi moja. Na kuna jambo linalouma: sampuli ya mafuta ya bushingi hiyo ilishaonyesha unyevu uliopita kiwango tangu 2018. Namba ilikuwepo kwenye karatasi kwa karibu miaka saba, na hatua iliyopaswa kuifuata haikuchukuliwa.

Basi ukiniuliza hatari kubwa ya moto wa transfoma ni nini, sitasema radi wala mzigo. Nitasema ni kipimo kilichosomwa, kikaandikwa, kikafungiwa kabatini.

Kuzidisha mzigo kunaweza kuiwasha transfoma?

Mara chache papo hapo. Mara nyingi kwa mkopo. Joto linalotokana na waya huongezeka kwa mraba wa mkondo wa umeme. Ukiongeza mkondo kwa 20%, joto hilo linaongezeka kwa 44%. Ukiuongeza maradufu, linakuwa mara nne.

Karatasi ya kawaida ya kuhami imekusudiwa kuishi umri wake wote ikiwa sehemu yenye joto kali kuliko zote haizidi nyuzi 98. Kanuni inayotumika kwenye viwango vya kimataifa ni kwamba kila nyuzi 6 zinapoongezeka juu ya hapo, kasi ya kuzeeka inakuwa maradufu. Nyuzi 12 ni mara nne. Nyuzi 18 ni mara nane, yaani mwezi mmoja unakula miezi minane. Karatasi inayozeeka hutoa maji, na maji hayo huharakisha kuzeeka kwa karatasi iliyobaki. Transfoma haikuambii lolote, na taa za wateja zinawaka kama kawaida. Halafu siku moja inatokea shoti kwenye laini ya nje, misokoto inatikiswa kwa nguvu, na karatasi ambayo ingestahimili ilipokuwa mpya inakatika kama jani kavu.

Ushauri wangu: usitegemee bamba la jina, lile linaloandikwa uwezo wa transfoma, peke yake. Pima mzigo wa kila fezi, yaani kila moja ya njia tatu za umeme, saa ambazo matumizi yako juu, kwa sababu transfoma inaweza kuwa na mzigo halali kwa jumla huku fezi moja ikiwa imeelemewa. Wateja wapya wanapoungwa, hesabu irudiwe kabla ya kuungwa, si baada ya malalamiko.

Maji kidogo kwenye mafuta yana ubaya gani?

Makubwa. Mafuta mapya yaliyosafishwa, yakipimwa katika mwanya wa milimita 2.5, huhimili kilovolti 70 au zaidi kabla umeme haujaruka. Yakiingia unyevu na vumbi uwezo huo huporomoka. Vilevile unyevu uliojificha kwenye karatasi, ambako ndiko sehemu kubwa mno ya maji hukaa, hugeuka viputo joto linapopanda ghafla. Kiputo cha mvuke si kihami kizuri kama mafuta.

Maji huingia kwa gasketi mbovu, kwa tangi la akiba (lile dogo la mafuta lililo juu ya tangi kuu) lililotoboka kutu, na hasa kwa kipumulio. Transfoma hupumua: mafuta yakipata joto yanatanuka na kusukuma hewa nje, yakipoa yanavuta hewa ndani. Hewa hiyo hupita kwenye chombo chenye silika jeli ya kufyonza unyevu. Jeli ya buluu ikishiba inageuka waridi; ya rangi ya chungwa hugeuka kijani au hupoteza rangi, kutegemea aina. Hakuna ukaguzi rahisi kuliko huu, mtoto anaweza kuufanya kwa macho. Hata hivyo nimewahi kufungua daftari la ukaguzi la transfoma iliyoungua nikakuta maneno "jeli imebadilika rangi" yameandikwa miezi minane mfululizo, kwa mwandiko uleule safi. Mkaguzi alifanya kazi yake. Hakuna aliyempa jeli mpya.

Kupima gesi kwenye mafuta kunasaidiaje?

Ni sawa na kumpima mtu damu. Sampuli ndogo ya mafuta huchotwa kwa sirinji bila kuingiza hewa, ikapelekwa maabara, na gesi zilizoyeyuka ndani yake zikapimwa moja moja. Kila aina ya ugonjwa huacha gesi yake. Hidrojeni ikitawala, yawezekana kuna cheche ndogondogo zisizovuka kihami chote. Methani na ethani huonyesha joto la wastani. Ethilini ni dalili ya joto kali, kama kiungo kilicholegea. Kaboni monoksaidi ikipanda, karatasi inaungua.

Asetilini ndiyo ya kuogopwa. Ni gesi ileile ya mitungi ya mafundi wa kuchomelea, na ndani ya mafuta huzaliwa kwa wingi pale tu joto linapopita nyuzi 700, yaani kwenye tao. Ikionekana ndani ya tangi kuu, hata kwa kiasi kidogo, na inaongezeka, simu ipigwe siku hiyohiyo. Tahadhari moja: tangi la swichi ya kubadili ngazi hutoa asetilini katika kazi yake ya kawaida, kwa hiyo ni lazima ujue sampuli imetoka tangi lipi.

Kuzisoma gesi kwa pamoja kuna mbinu zake. Inayotumika sana ni pembetatu iliyobuniwa na Michel Duval wa shirika la umeme la Hydro-Québec nchini Kanada katika miaka ya 1970, inayolinganisha methani, ethilini na asetilini. Lakini mbinu yoyote inahitaji mfululizo wa vipimo. Kipimo kimoja ni picha. Vipimo vitano vya miaka mitano vinaonyesha inakoelekea. Kwa transfoma kubwa, mara moja kwa mwaka ni kiwango cha chini cha busara, na zile nyeti zaidi hufungiwa mashine inayopima mfululizo.

Kinga gani hukata umeme kabla ya moto?

Rilei ni kifaa kinachohisi hitilafu na kuagiza umeme ukatwe. Ya kwanza kufahamu ni rilei ya Buchholz, iliyobuniwa na Mjerumani Max Buchholz mwaka 1921 na bado inafanya kazi ulimwenguni kote. Hukaa kwenye bomba kati ya tangi kuu na tangi la akiba. Gesi ikijikusanya taratibu, boya la juu linashuka na kengele inalia. Mafuta yakisukumwa kwa kasi, sehemu ya chini inakata umeme. Kengele ile ya kwanza ni zawadi: inakuja wakati bado kuna nafasi ya kuizima transfoma kwa utaratibu. Ninasikitika kila ninaposikia mtu ametoa ile gesi, akaiwasha transfoma, na kwenda zake bila kuipima.

Ipo rilei ya tofauti, inayolinganisha mkondo unaoingia na unaotoka na kukata hesabu zisipolingana. Ipo valvu ya kupunguza shinikizo juu ya tangi. Valvu hii ni ya lazima, lakini isikupe usingizi: tao kubwa karibu na ukuta wa tangi linaweza kulipasua kabla valvu haijapunguza chochote cha maana. Zipo geji za joto la mafuta na la misokoto, zinazowasha feni, kisha kengele, kisha kukata.

Vifaa vyote hivi hutegemea betri za kituo na nyaya nyembamba za kudhibiti. Rilei nzuri yenye betri iliyokufa ni pambo. Jaribio la kinga lisiishie kwenye rilei. Lifike mpaka breka ifunguke na kukata umeme kweli.

Kwenye transfoma ya nguzo tumefunga waya mahali pa fyuzi kwa muda. Kuna ubaya?

Ndiyo, na hakuna "kwa muda". Transfoma ndogo haina Buchholz wala rilei ya tofauti. Fyuzi ndiyo ulinzi wake karibu wote. Fyuzi ya ukubwa sahihi hukatika na kuacha transfoma mbovu lakini nzima. Waya mnene huendelea kulisha hitilafu mpaka tangi linapasuka na mafuta yanayowaka yanamwagika chini ya nguzo, mahali watu wanapopita na pengine wameweka meza zao. Fyuzi ikikatika mara mbili, inakuambia kuna jambo. Tafuta jambo hilo.

Radi je?

Hutuma msongo mkubwa ghafla kupitia laini na kutoboa kihami. Dawa ni vizuia radi vilivyofungwa karibu kabisa na transfoma, na waya wa ethi, yaani unaopeleka umeme ardhini, mfupi, mnyoofu, ulioshikwa vizuri. Pima ukinzani wa ethi mara kwa mara, hasa majira ya ukame ardhi inapokauka. Waya wa ethi ulioibwa hufanya kizuia radi kuwa bure.

Je, kuna transfoma zisizoungua?

Zipo zinazoungua kwa shida sana. Njia moja ni kubadili mafuta. Badala yake hutumiwa vimiminika viitwavyo esta. Esta asilia, zinazotengenezwa kwa mbegu kama soya, haziendelei kuwaka mpaka zipite nyuzi 350 hivi. Esta za viwandani na silikoni nazo ziko juu ya 300. Ulinganishe na zile 170 za mafuta ya madini. Esta pia huvumilia unyevu zaidi na huoza upesi zikimwagika ardhini. Ila hugharimu zaidi, ni nzito kutiririka kwenye baridi, na esta asilia haipendi kukaa wazi kwa hewa kwa sababu huganda taratibu, kwa hiyo tangi sharti lizibwe vizuri.

Njia nyingine ni transfoma kavu, ambayo misokoto yake imemiminiwa resini na kupoozwa kwa hewa. Haina mafuta ya kumwagika, ndiyo maana hupendwa ndani ya hospitali, maghorofa, mahandaki na migodi. Lakini resini huungua ikilazimishwa, na moshi wake si wa kuvuta. Vumbi likijaa kwenye mianya, joto linapanda. Chumba chake kinahitaji hewa inayopita. Mara nyingi nimekuta chumba hicho kimegeuzwa stoo ya maboksi, ngazi na madumu ya rangi. Hapo faida yote ya kununua transfoma kavu imepotea.

Kwa transfoma inayofungwa ndani ya jengo lenye watu, mimi sioni sababu ya kuweka mafuta ya madini.

Transfoma za zamani zenye PCB zina hatari gani ya pekee?

PCB ni kemikali iliyowekwa zamani kwenye transfoma kwa sababu haishiki moto. Shida ni kinachotokea moto wa jirani unapoipasha: hutoa furani na dayoksini, sumu kali zinazosambaa na masizi. Tarehe 5 Februari 1981 jengo la ofisi za serikali la ghorofa 18 huko Binghamton, jimbo la New York, lilipata hitilafu ya umeme chini kabisa. Masizi yenye sumu yalipanda kwenye njia za hewa mpaka juu, na jengo halikufunguliwa tena hadi 1994. Moto wenyewe ulikuwa mdogo.

Mkataba wa Stockholm, wa kimataifa kuhusu kemikali sumu zisizooza upesi, umezitaka nchi wanachama ziache kutumia vifaa vyenye PCB kufikia 2025 na ziteketeze mafuta hayo kwa njia salama kufikia 2028. Ikiwa una transfoma ya kabla ya miaka ya themanini, au yoyote ambayo mafuta yake yaliwahi kuongezwa kutoka chanzo kisichojulikana, pima kabla ya kufungua hata boliti moja.

Transfoma ikae umbali gani na jengo au transfoma nyenzake?

Hutegemea wingi wa mafuta. Mwongozo wa kinga ya moto unaonukuliwa sana, NFPA 850 wa Marekani, unataka mita 1.5 kwa mafuta yasiyofikia lita 1,900 hivi, mita 7.6 kwa yanayofika hadi takriban lita 18,900, na mita 15 kwa zaidi ya hapo. Fuata kanuni za nchi yako, ila namba hizi zinakupa picha ya ukubwa wa moto wenyewe.

Pasipo nafasi, hujengwa ukuta wa kuzuia moto wenye uwezo wa kuhimili saa mbili, unaopanda juu ya tangi na kuzidi upana wake. Faida yake ni kwamba transfoma moja inapoteketea, ya pili inabaki na umeme unarudi.

Chini ya transfoma kuwe na shimo la kukinga mafuta, lililofunikwa kokoto. Mafuta yakipenya kati ya kokoto yanapoa na kukosa hewa. Shimo litoshe mafuta yote pamoja na maji ya kuzimia, kwa maana mafuta ni mepesi kuliko maji: shimo likijaa, yanaelea juu na kusafiri yakiwaka. Kosa ninaloliona zaidi ni shimo lililojaa maji ya mvua na tope, majani yameota juu yake. Shimo lililojaa si shimo.

Misingi na mabomba vina uhusiano gani na moto?

Mkubwa kuliko wanavyodhani wajenzi. Tarehe 16 Julai 2007 tetemeko lilipiga kituo cha nyuklia cha Kashiwazaki-Kariwa nchini Japani. Transfoma ya kinu namba 3 ilisimama juu ya msingi imara, lakini njia ya umeme iliyoungana nayo ilikuwa juu ya udongo uliotitia. Kiungo kikavutwa, mafuta yakavuja, shoti ikayawasha. Mabomba ya maji ya zimamoto nayo yalikuwa yamekatika ardhini, na moto ukachukua karibu saa mbili kuzimwa. Viungo kati ya misingi tofauti viwe vya kunyumbulika, na njia ya maji isiwe moja tu. Ardhi hutitia hata pasipo tetemeko.

Jirani wa kawaida anaweza kutambua dalili gani?

Mngurumo wa chini usiobadilika ni wa kawaida. Sauti ya kukwaruza, kuchemka au kupasukapasuka si ya kawaida. Michirizi ya mafuta kwenye tangi au nguzo, moshi, harufu ya kuungua, cheche kwenye viungo usiku, taa za mtaa mzima kupunguka na kuongezeka mwanga, matawi yanayogusa nyaya: yote hayo ni ya kuripoti kwa shirika la umeme mara moja, ukitaja namba iliyoandikwa kwenye nguzo.

Ripoti pia ukiona mtu akifyonza mafuta. Wizi wa mafuta ni chanzo halisi cha moto, kwani misokoto hubaki wazi na umeme bado umo ndani. Mafuta hayo si ya kupikia, si dizeli, wala si dawa ya ngozi. Ya zamani yanaweza kuwa na ile PCB.

Nikikuta transfoma inawaka nifanye nini?

Kaa mbali, ondoa watu, piga simu kwa shirika la umeme na zimamoto, kwa mpangilio wowote ule ila wote wawili wapate habari. Usisimame upande ambako upepo unapeleka moshi. Waya ukiwa umeanguka, usiukaribie chini ya mita 10. Ukijikuta ndani ya eneo hilo, ondoka kwa hatua fupi za kuburuza miguu bila kuinua unyayo, kwa sababu ardhi yenyewe inaweza kuwa na umeme.

Usimwage maji. Wala zimamoto hawamwagi mpaka wathibitishiwe kuwa umeme umekatwa, tena pande zote mbili, kwani jenereta au sola ya mteja inaweza kurudisha umeme kwa nyuma. Baada ya hapo hutumia povu kwa mafuta yaliyosambaa na maji ya matone madogo kupooza tangi. Bomba la maji lenye nguvu linaloelekezwa kwenye mafuta huyarusha na kuusambaza moto. Mtungi mdogo wa unga mkavu au wa kaboni dayoksaidi unafaa kwa paneli au transfoma ndogo iliyokwisha kukatwa umeme. Kwa tangi kubwa ni kujiponza.

Mfumo wa kunyunyiza maji wa kudumu una maana?

Kwa transfoma kubwa, ndiyo. Vipimo vya kawaida ni lita 10 hivi kwa dakika kwa kila mita ya mraba ya uso wa tangi. Mara nyingi hauiokoi transfoma iliyopasuka, unaokoa ya jirani na jengo. Lakini ujaribiwe kwa kumwaga maji kweli, angalau mara moja kwa mwaka, na midomo yake ikaguliwe kama haijazibwa na kutu au viota vya nyigu.

Transfoma imejizima yenyewe. Tuiwashe tena?

Inategemea ni kinga gani iliyokata. Ikiwa ni ya mkondo kuzidi kwa sababu ya hitilafu ya laini ya nje, na hitilafu imeonekana na kuondolewa, kuna nafasi ya kuirudisha baada ya kuikagua kwa macho. Ikiwa ni Buchholz, rilei ya tofauti au valvu ya shinikizo, jibu ni hapana, hata kama simu za wateja hazikatiki na mkubwa amesimama mlangoni. Kwanza gesi na mafuta vipimwe, vihami vipimwe, ukinzani wa misokoto ulinganishwe na ule wa kiwandani. Kazi hiyo inaweza kuchukua saa kadhaa au siku nzima. Kuijaribu kwa kuiwasha ni kurudisha tao palepale lilipotoboa, safari hii likikuta gesi imeshajikusanya na karatasi imeshaungua. Anayeombwa kuiwasha aombe agizo hilo kwa maandishi pamoja na majibu ya vipimo, na watu wote wawe nje ya uzio kabla breka haijafungwa kuirudishia umeme.